Mbwa wa Nyumbani Akianza Ukali, Tumfunze Vipi?

  Leo huenda mkashangaa na kuuliza, muuguzi na mbwa wapi na wapi? Vumilieni kidogo. Watoto wanaoletwa kwetu wakiwa wameumwa na mbwa, wengi hawakuumwa na mbwa koko wa sokoni. Waliumwa na mbwa wanayemjua kwa jina: Simba wa nyumbani, Tiger wa jirani, Bosko wa mwenye ploti. Na ukimwuliza mama pole pole, mara nyingi atakuambia, "Sista, alikuwa ameanza kubadilika."

Mtoto wa miaka 3 akisimama, uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Ndiyo maana mtu mzima huumwa mguuni, na mtoto huumwa shavuni, mdomoni au karibu na jicho. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo tabia ya mbwa wako ni jambo la afya ya mtoto wako, kama vile maji ya kunywa na chandarua.

Swali ninaloulizwa ni hili. Mbwa ameanza kunguruma mtoto akipita karibu na sahani yake. Au anamrukia mtoto akikimbia. Au amekata mnyororo mara mbili na kumfukuza mwanafunzi. Nyumbani kila mtu ana dawa yake. Baba anasema apigwe mpaka ashike adabu. Shemeji anasema auawe. Jirani anajua kijana fulani aliyefanya kazi katika kampuni ya ulinzi, huyo aitwe amfunze. Mama, wewe ndiwe unayebaki naye boma moja mchana kutwa. Ufuate la nani?

Kabla ya kuchagua, tazama jambo moja. Je, mbwa amebadilika ghafla? Mbwa aliyekuwa mpole juzi, na leo anauma mawe, anauma mti, sauti ya kubweka imegeuka, mate yanamtoka, hawezi kumeza, miguu ya nyuma inalegea, huyo si mbwa wa kufunzwa. Huyo anashukiwa kuwa na kichaa cha mbwa. Wakati mwingine kichaa hakiji na ukali. Mbwa hujificha pembeni, au anakuwa mpole kuliko kawaida, au anakaa mdomo wazi kama aliyekwamwa na mfupa. Tafadhali sana, usitie mkono mdomoni kuutafuta huo mfupa. Ondoa watoto, funga lango, mwite daktari wa mifugo. Ugonjwa huu si hadithi za zamani. Uliripotiwa nchini Kenya mwaka 1912, katika mbwa pembezoni mwa Nairobi, na mpaka leo bado tunao. Serikali ilitoa mpango wa kuumaliza, wa mwaka 2014 hadi 2030. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Kuna pia mbwa anayekuwa mkali kwa sababu anaumwa. Masikio yamejaa kupe, jino limevunjika, kidonda kiko chini ya manyoya shingoni pale mnyororo unapokwaruza. Mtoto anamkumbatia, anagusa palipo na maumivu, mbwa anauma. Hapo dawa ni matibabu. Na mbwa jike mwenye watoto wachanga hahitaji mafunzo yoyote, anahitaji kuachwa peke yake. Wewe ulipotoka hospitali na mtoto mchanga, ulipenda kila mtu amshike?

Sasa tuseme mbwa ni mzima. Ukali umetoka wapi? Hapa Theta, upande huu wa Ruiru na Juja, mashamba ya kahawa yamekatwa ploti, na karibu kila lango lina maandishi ya "Mbwa Kali". Watu wanataka mlinzi. Kwa hiyo mtoto wa mbwa ananunuliwa barabarani akiwa na mwezi mmoja, kabla hajamaliza kunyonya. Anafungwa mnyororo mchana kutwa, au anafungiwa ndani ya banda lenye giza asimwone mtu, eti akizoea watu hatakuwa mkali. Wengine humpa pilipili. Pilipili haimfundishi mbwa kumtambua mwizi. Inamchoma tumbo tu. Na mbwa asiyezoea watu hawezi kujua kwamba huyu ni mwizi na huyu ni Wanjiru anatoka shule. Kwake wote ni wageni wa kutisha. Muda ambao mbwa huzoea dunia kwa urahisi ni kuanzia wiki ya 3 ya maisha yake mpaka kama wiki ya 14. Muda huo ukipotelea gizani, unaweza kumsaidia baadaye, lakini kazi itakuwa ndefu. Afadhali mtoto wa mbwa akae na mama yake mpaka afike wiki 8, kisha aone watoto, wazee, baiskeli, mwavuli, mtu mwenye kofia, yote kwa upole.

Turudi kwa njia zetu. Ya kwanza ni kiboko, na hii nataka tuizungumze sana, kwa sababu ndiyo inayotumika nyumba nyingi na ndiyo ninayoiogopa.

Mbwa hana mdomo wa kusema "niache." Anachosema ni kugeuza kichwa, kulamba pua yake, kukaza mwili, kuonyesha weupe wa macho, kisha kunguruma, kisha kutoa meno. Kunguruma ni onyo. Sasa mbwa ananguruma mtoto akikaribia sahani, baba anakuja na mti anamchapa. Kesho tena, kesho kutwa tena. Mwishowe mbwa hangurumi. Baba anafurahi, anasema ameshika adabu. Lakini mbwa amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba kunguruma kunaleta kiboko, na kwamba mtoto akikaribia sahani, kiboko hufuata. Hofu ya mtoto imeongezeka, onyo limeondolewa. Siku moja baba yuko kazini, mtoto anafuata mpira wake karibu na sahani, na mbwa anauma bila kunguruma. Halafu tunaambiwa, "Aliuma ghafla tu." Alikuwa ameonya miezi mingi, lakini alikatazwa kuonya.

Haya yamepimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza wenye mbwa wenye matatizo ya tabia walivyojaribu kuwarekebisha. Kati ya waliosema waliwapiga mbwa wao kwa mkono au teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Na mbwa akijibu, huenda asimwume aliyempiga. Anaweza kumwuma yeyote aliye karibu. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wanaoshughulikia tabia kilitoa msimamo kwamba mbwa afunzwe kwa zawadi, hata yule mwenye ukali, bila kupigwa wala kutishwa.

Najua mtasema hao ni mbwa wa Wazungu, wanalala kwenye kiti, wa kwetu wanaelewa kiboko tu. Basi tutazame hapa karibu. Shirika la African Wildlife Foundation lina kituo Usa River, karibu na Arusha, Tanzania, ambako mbwa na askari wao hufunzwa kunusa pembe za ndovu. Baadhi ya mbwa hao wamefanya kazi na KWS katika uwanja wa ndege wa JKIA na bandari ya Mombasa. Mbwa huyo anapita kwenye mizigo mingi siku nzima. Anafanya kazi hiyo kwa sababu akipata kitu, askari wake anamrushia mpira wacheze. Kama mpira unatosha kumfanya mbwa akamate pembe bandarini, omena inatosha kumfanya wako akae chini wakati mtoto anapita.

Njia ya pili ni kumwita mwalimu wa mbwa. Sikatai, wako wanaojua kazi. Lakini bango la mwalimu wa mbwa mtu yeyote anaweza kulichora. Mwulize maswali kama unavyomwuliza anayetaka kumchunga mtoto wako. Mbwa akikosea, unamfanya nini? Akikuambia anamning'iniza kwa kamba mpaka alegee, au anamlaza chini kwa nguvu ajue nani mkubwa, mshukuru na umfungulie lango atoke. Naweza kukaa nikitazama unavyomfunza? Akikataa, kuna kitu. Utanifunza mimi pia? Hili ni kubwa, maana mbwa anayemtii mwalimu peke yake ni kama mtoto anayeonyesha adabu mbele ya mwalimu mkuu tu. Na mtu asikuambie atamfunza mbwa kushambulia watu, halafu huyo huyo acheze na watoto mchana. Boma la watoto linahitaji mbwa wa kubweka. Kubweka kwatosha kukuamsha na kumwambia mwizi ameonekana.

Njia ya tatu ndiyo ninayowashauri. Haina gharama kubwa, ila inataka subira, na inataka nyumba nzima ikubaliane. Mtu mmoja akifunza kwa omena na mwingine akipiga, hakuna mafunzo.

Msingi wake ni huu: mbwa hurudia kinachomletea chakula na utulivu. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wa jinsi chakula kinavyosagwa mwilini, alionyesha kwamba mlio fulani ukisikika kila mara kabla ya chakula, mwishowe mbwa hutokwa na mate kwa kusikia mlio tu. Hata ninyi mmeona. Ukigusa ile sufuria ya ugali jioni, mbwa amefika mlangoni kabla hujamwita. Kama sufuria inaweza kumaanisha furaha, mtoto naye anaweza kumaanisha furaha.

Anza watoto wakiwa ndani au shuleni. Kata vipande vidogo vya matumbo yaliyochemshwa, au chukua omena, au ugali mkavu ulioguswa na mchuzi usio na chumvi nyingi wala kitunguu. Kipande kiwe kama punje ya hindi. Ita jina la mbwa mara moja. Akikutazama, sema "vizuri" na umpe. Ukishafanya hivyo siku kadhaa, shika kipande juu ya pua yake ukirudishe nyuma kidogo, atakaa mwenyewe. "Vizuri," mpe. Usimsukume mgongo. Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni, zinatosha. Kisha mfunze kwenda kwenye gunia lake. Weka gunia mahali pamoja, kila akilikanyaga anapata kitu. Ukifika hapo una amri ya maana sana: mtoto anapotaka kupita na kikombe cha uji, mbwa anatumwa kwenye gunia.

Kwa mbwa anayelinda sahani, usimnyang'anye chakula kumwonyesha nani mkubwa. Wengi hufanya hivyo, na ndivyo wanavyomfundisha kwamba kweli watu ni wezi wa chakula. Kwanza alishwe peke yake, nyuma ya waya au ndani ya banda lililofungwa, watoto wasifike. Kisha mtu mzima apite mbali, pale ambapo mbwa hakazi mwili, amrushie kitu kitamu kuliko kilicho kwenye sahani, aendelee na safari yake. Asisimame, asiongee. Baada ya siku nyingi, sogea hatua moja. Akikaza mwili, umesogea haraka mno, rudi nyuma. Utajua unafanikiwa ukipita naye akiinua kichwa kwa tamaa, mkia ukitikisika. Kazi hii ni ya mtu mzima peke yake. Hata siku moja usimtume mtoto kupima kama mbwa amepona.

Anayefukuza watoto wanaokimbia hufunzwa vivyo hivyo. Amefungwa kamba mkononi mwako, watoto wako mbali, ng'ambo ya shamba. Akiwaona tu, kabla hajavuta, anapewa. Akitulia, anapewa. Umbali unapunguzwa wiki baada ya wiki. Na mpunguzie mnyororo. Mbwa anayetembezwa mara mbili kwa siku kwa kamba, na aliye na waya wa kuzunguka ndani ya ua, ana hasira kidogo kuliko aliyefungwa mita moja tangu alipokuwa mdogo. Kumhasi husaidia kuzuia kuzurura na kupigana na mbwa wengine, na hatutazaa watoto wa mbwa wa kutupa. Lakini kuhasi peke yake hakuondoi hofu.

Wakati hayo yakiendelea, mtoto naye afunzwe. Asiguse mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto. Asimkumbatie shingoni. Asimtazame machoni. Mbwa asiyemjua akimjia, asikimbie. Asimame kama mgrevilia, mikono kifuani, macho chini, mpaka mbwa aondoke. Akiangushwa, ajikunje kama kobe na kufunika masikio na shingo. Cheza naye mchezo huu nyumbani, watoto wanaupenda sana. Lakini mtoto wa chini ya miaka 5 usimtegemee kukumbuka. Huyo asiachwe na mbwa peke yake, hata mbwa akiwa mpole namna gani, hata kama unaingia jikoni kugeuza chapati moja.

Na ikiwa mbwa ameshamuuma mtoto? Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 nzima. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu mtoto akilia. Usipake mafuta ya taa, wala majani ya kahawa, wala kitunguu. Usikifunge kwa kukaza. Siku hiyo hiyo nenda kituo cha afya, na wakikutuma Hospitali ya Thika Level 5, nenda. Hata kama ni mkwaruzo mdogo uliotoa damu kidogo, hata kama mbwa ni wenu. Mtoto akianzishiwa sindano, mpeleke kila tarehe uliyoandikiwa. Wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa sababu kidonda kimepona, lakini sindano hizo si za kidonda.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na daktari wa mifugo amchunguze siku 10. Kama alikuwa na kichaa wakati wa kuuma, kitajitokeza katika siku hizo. Lakini msisubiri siku 10 ziishe ndipo mtoto apelekwe hospitali. Daktari wa binadamu ndiye atakayeamua juu ya sindano.

Niseme pia neno gumu. Si kila mbwa anaweza kubaki katika nyumba yenye watoto. Mbwa aliyemuuma mtoto usoni, au anayeuma kwa nguvu na kushikilia, au nyumba isiyo na mtu mzima wa kumfunza wala mahali pa kumtenga, hapo mwite daktari wa mifugo mzungumze wazi. Kule Upper Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo, na shirika la KSPCA liko Karen. Huenda mbwa akapatiwa nyumba isiyo na watoto. Huenda ikabidi alazwe kwa sindano, bila mateso. Mama asione haya kufanya uamuzi huo. Lililo baya ni kumpakia kwenye gunia na kumwachia kwenye mashamba ya kahawa usiku, au kumwuzia mtu bila kumwambia. Huko nako kuna watoto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Mara nyingi kunakuwa na chanjo za bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mpeleke kwa kamba, amebebwa na mtu mzima au ameshikwa naye, asipelekwe na mtoto. Utapewa cheti. Kitie katika ile karatasi ya nailoni unamoweka kijitabu cha Mama na Mtoto, kwa sababu siku mtoto akiumwa, vyote viwili vitaulizwa kwa pamoja.